Barua pepe haikufika? Seva inayo kumbukumbu

Uko Maganzo, umetuma maombi ya kazi kwa barua pepe, na ofisi inasema haijayaona. Usitume mara kumi. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kusafirisha barua pepe, huandika kumbukumbu ya kila barua: saa, anwani ya mtumaji, ya mpokeaji na jibu lililotolewa.

Anza na simu yako. Kama barua imerudi, ujumbe ulioambatana nayo huwa na namba ya tarakimu 3. Ikianza na 4, tatizo ni la muda. Seva hujaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, barua imekataliwa. Mara nyingi 550 maana yake anwani haipo, kwa hiyo ikague herufi kwa herufi. Mara nyingi 552 maana yake sanduku la mpokeaji limejaa au barua ni kubwa mno.

Kama haikurudi, mwombe mpokeaji aangalie kwenye spamu. Isipoonekana, fundi wao asome kumbukumbu za seva. Mpe anwani zote mbili, tarehe na saa. Saa 8 mchana kwetu huandikwa 14:00, na kwenye seva inayofuata saa ya kimataifa, UTC, huwa 11:00. Akitafuta saa 8 hataona kitu.

Maelezo yakiwa machache, fundi huongeza kiwango cha kumbukumbu kwa muda, nawe unatuma tena. Akimaliza akirudishe, la sivyo diski itajaa na barua za wote zitakwama.

Barua ikionekana humo, hiyo ndiyo ithibati kwamba uliwahi kabla ya siku ya mwisho.