Vivuli vya Tudor: Bustani ya Chuo katika Kisiwa cha Mvita

Msafiri Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja tu katika mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Kilwa, ametuachia mistari michache mno juu ya kisiwa hiki, na juu ya uchache wake hakukosa kutaja miti: migomba, milimau na mibalungi, pamoja na tunda moja alilolifananisha na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni ila tamu kupita kiasi, ambalo wengi wetu hatuna shaka kwamba ni zambarau. Miaka 200 isiyotimia baadaye, Mreno Duarte Barbosa akasifu machungwa ya Mombasa, matamu na makali, akasifu makomamanga yake, ndimu zake, mboga zake za kila namna na maji yake mema.

Nimeanza na mashahidi hao wawili, waliotoka pande mbili za dunia na wasiokuwa na sababu ya kutupendelea, kwa kuwa imeenea itikadi ya kwamba bustani ya chuo ni jambo la kigeni lililoshuka Kilindini pamoja na reli, na kwamba watu wa pwani walikuwa na mawe na chokaa tu mpaka walipofundishwa kupanda maua. Ushahidi wa kuikanusha itikadi hiyo umesimama wazi huko Tudor, upande wa kaskazini wa kisiwa, katika uwanja wa chuo ambacho leo chaitwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Maana bustani ile, kwa nasaba yake, ni mtoto wa ua wa nyumba ya Kiswahili na wa kiwanja cha msikiti.

Mwenye kutaka kuifahamu nasaba hiyo na aende kwanza Gede, karibu na Malindi, akatazame magofu ya nyumba za mawe ambazo nyua zake zimeteremshwa chini ya usawa wa vyumba, ili upepo utulie humo na kivuli cha kuta kikae saa nyingi. Kisha na arudi Mji wa Kale wa Mombasa, toka Ndia Kuu mpaka Kibokoni, ambako nyumba zimebanana bega kwa bega hata mti mkubwa haupati pa kutia mizizi. Katika mji wa namna hiyo kijani kiligawanyika mafungu mawili: miembe, minazi na mikwaju ikawa nje, katika mashamba yaliyoenea kisiwani na ng'ambo ya maji, na ndani ya kuta ikabaki ile mimea midogo inayopendwa kwa harufu yake, yaani yasmini, rehani na mnanaa, ikipandwa uani, ngazini na katika vyungu vilivyotoboka. Maua hayo hayakuachwa yanyauke juu ya shina. Yalichumwa, yakafungwa vikuba, yakavaliwa na wanawake siku za harusi na siku za Maulidi, na biashara hiyo ya vikuba haijakoma hata leo. Msikiti nao ulikuwa na kisima chake na birika lake, na maji ya udhu, baada ya kuosha miguu ya waumini, aghalabu yaliachwa yateremke kwenye shina la mgomba au la mkomamanga, kwa kuwa katika kisiwa cha matumbawe maji hayamwagwi bure. Na darsa zikisomwa wapi, kama si katika baraza ya msikiti, penye kivuli, mwalimu amekaa na wanafunzi wamemzunguka? Watu wa mwambao hawakupata kutenganisha elimu na kivuli.

Mashamba ya kisiwani hayakudumu. Baada ya ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar kukodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, na reli kuanza kujengwa mwaka 1896, kisiwa hiki chenye kama kilomita 14 za mraba kilianza kujaa maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi, na miembe ikaanguka mmoja baada ya mmoja. Mibuyu ya upande wa kivuko cha Likoni ilisalimika, nayo ni ya kushukuriwa.

Ndipo, katika miaka ya mwisho ya arobaini, likaja wazo la kujenga chuo. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na viongozi wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakiona kwa uchungu jinsi vijana wao walivyoachwa nyuma katika elimu ya kisasa, hasa elimu ya mikono, ilhali reli, bandari na viwanda vyote vilikuwa vikitafuta mafundi. Aga Khan, Sultan Mohamed Shah, alikuwa ameanzisha Mombasa mwaka 1945 jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliliunga mkono wazo la chuo. Seyyid Khalifa bin Haroub, Sultani wa Zanzibar, akatoa mali, Aga Khan akatoa, jamaa ya Mabohora ikatoa, na serikali ya Uingereza nayo ikatoa. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini: Suni, Ibadhi, Ismaili na Bohora, watu ambao kila kaumu ilikuwa na msikiti wake na makaburi yake, walikutana katika kiwanja kimoja cha Tudor ili vijana wapate ufundi. Chuo hicho kikaitwa Mombasa Institute of Muslim Education, na watu wakalifupisha jina wakasema MIOME, na mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia.

Wajenzi wake wangaliweza kujenga mabanda ya mabati, kama zilivyojengwa shule nyingi za ufundi za zama zile, maana kwa mwanafunzi wa mashine, umeme au useremala banda latosha kuwa darasa. Hawakufanya hivyo. Walisimamisha kuba, wakapandisha mnara wa saa, wakazungusha mabaraza yenye matao, wakajenga msikiti, na katikati ya majengo wakaacha ardhi iwe wazi, ipandwe nyasi na miti. Wako waliosema, na wako wasemao hata leo, kwamba hayo yalikuwa mapambo tu ya kuwaridhisha wafadhili. Mimi siwaafiki. Baraza yenye matao, katika mji ambao jua la Februari huunguza hata mkono ulioegemea ukuta, ni chombo cha kazi: hulizuia jua lisigonge ukuta wa darasa, huuacha upepo upite, na humwezesha mwanafunzi kutoka jengo hili kwenda lile katika mvua za masika bila ya kulowa daftari zake. Na ule uwazi wa katikati, ukiwa na miti, hutuliza hewa kabla haijaingia madirishani, kwa kuwa jani la mti hupoa kwa kutoa unyevu wake, na ardhi iliyofunikwa nyasi hairudishi joto machoni kama irudishavyo saruji. Hayo waliyajua mafundi wa Gede, na waliyajua wale waliochimba mabirika katika nyua za Granada na Fas. Ilisadifu pia kwamba mwaka 1948, wakati mipango ya chuo cha Tudor ikiendelea, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kazi huko Gede, akazifunua nyua za wazee wetu chini ya magugu. Hata kwa muda wa miaka michache ua wa kale ulikuwa ukifukuliwa na ua mpya ukijengwa, katika mwambao ule ule.

Kuotesha bustani juu ya kisiwa hiki si kazi ya mzaha. Udongo wa Mombasa ni tabaka jembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na mwenye kutaka kupanda mti hana budi kulivunja jiwe kwa mtaimbo, kulipanua shimo, kisha kulijaza udongo mwekundu na samadi kutoka bara ya karibu, ndipo mche upate pa kuanzia. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari yana chumvi, nayo huongezeka kiangazi kinapozidi. Na upepo wa kusi, uvumao tangu Aprili hadi Septemba, huja na chembe za chumvi zinazochoma majani machanga. Kwa muda mrefu mji huu ulikuwa na uhaba mkubwa wa maji, mpaka bomba la chemchemi za Mzima, lenye urefu unaozidi kilomita 200, lilipofika mwaka 1957. Kwa hiyo mtunza bustani wa Mombasa alijifunza kuchagua miti kwa tabia yake kabla ya kuichagua kwa sura yake: mkungu, ambao haujali chumvi na hutandaza matawi yake tabaka kwa tabaka kama mikeka; mwarobaini, uliotoka Bara Hindi na ukaizoea pwani kana kwamba umezaliwa hapa, mstahimilivu wa ukame na wenye kivuli kizito; mvinje, unaokubali kuota hata mchangani; mnazi, usiohitaji sifa; na kwa rangi, boganvilia, ambayo kadiri inavyonyimwa maji ndivyo inavyochanua. Yasmini na mlangilangi huwekwa pale ambapo ukuta utaukinga upepo.

Miongoni mwa vijana waliopita chini ya matao yale katika miaka ya kwanza alikuwako karani mmoja, mtoto wa Marhum Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kijana huyo, Ali, hakufaulu mtihani kwa daraja iliyotakiwa na Makerere, akaajiriwa MIOME. Na siku moja, katika sherehe ya Maulidi, alitoa hotuba iliyomvutia Gavana Mitchell mwenyewe, nayo ikamfungulia mlango wa kwenda kusoma Uingereza. Yaliyofuata yajulikana: Manchester, Columbia, Oxford, uprofesa wa Makerere ile ile iliyomkataa, kisha Michigan na Binghamton. Lisilokumbukwa na wengi ni kwamba mwaka 2007, chuo cha Tudor kilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Mkuu wa chuo hicho kikubwa alikuwa Profesa Ali Mazrui. Yaani karani wa zamani alikuwa amefika kwenye kiti cha juu kabisa cha chuo kilichokilea chuo alichokitumikia. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya aila yake, mkabala wa Ngome ya Yesu.

Daraja za chuo zenyewe zaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 1966 MIOME ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, ikafungua milango kwa vijana wa dini zote. Mwaka 1972 ikawa Politekniki. Na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kila daraja ilileta wanafunzi wengi zaidi, na kila kundi la wanafunzi lilidai madarasa, maabara, maktaba na mahali pa kuegesha magari. Madai hayo ni ya haki, wala sioni busara ya mtu kuulinda mti kwa kumnyima kijana nafasi ya kusoma. Ila nasema kwa dhati kwamba jengo jipya likikwezwa bila baraza, na uwanja ukisakafiwa bila kivuli, basi kilichopotea ni sehemu ya chuo, kama vile kingalipotea chumba. Na chumba chaweza kujengwa kwa mwaka mmoja, ilhali mkungu hauwezi kuharakishwa kwa fedha yoyote.

Vyuo vingine vya mataifa yanayosema lugha yetu na ya jamaa zetu vimeliona jambo hili kila kimoja kwa njia yake. Makerere, iliyoanza mwaka 1922, ilipewa kilima chenye rutuba na mvua, na huko miti hujiotea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilikuwa na nafasi ya kubakiza msitu. Lakini kielelezo kilicho karibu zaidi na hali ya Tudor kiko Omani, katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa mwaka 1986 huko Al Khoud, ambako jua ni kali kuliko letu na mvua ni haba mno: huko walijenga majengo kwa kufuata mhimili mmoja unaoishia msikitini, wakaunganisha vitivo kwa njia zenye paa, wakapanda miti katika nafasi zilizobaki. Nasi tulikuwa tumelifanya hilo katika kisiwa chetu miaka 35 kabla yao.

Linalotakiwa sasa Tudor ni daftari. Kila mti uliomo uwanjani upewe nambari, jina lake la Kiswahili na la kitaalamu, unene wa shina lake na mahali ulipo. Na kila mpango wa jengo jipya uletwe mezani pamoja na daftari hilo, ili ijulikane waziwazi miti mingapi itakatwa na mingapi itapandwa badala yake, na nani atakayebeba maji kiangazi cha kwanza. Chuo kina idara inayofundisha mambo ya mazingira, na wanafunzi wake wanatafuta kazi za vitendo kila mwaka. Utepe wa kupimia, kalamu na wiki chache kabla ya masika zatosha kuianza kazi hiyo.