Tumekuja Tumekula

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015 mvua ya mawe iliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, baadhi yao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao za tope. Mazao yakalala chini. Rais Jakaya Kikwete alikwenda kuwapa pole, na misaada ikapelekwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini leo nataka tuzungumzie msaada mwingine, ule usiopigwa picha.

Mimi nilikulia karibu na Mhunze, ambayo sasa ni makao makuu ya wilaya ya Kishapu. Huko, mvua ya mawe ikipiga mwezi Machi, mkulima hubaki na hesabu ngumu. Mvua za msimu hukoma kati ya Aprili na Mei. Mahindi hayana tena muda wa kukomaa, wala pamba. Linalowezekana ni kupanda viazi vitamu, au dengu, ambazo hukua kwa unyevu uliobaki katika udongo mweusi wa mbugani. Ana majuma machache tu, na katika majuma hayohayo ana nyumba ya kuezeka, pengine na maiti ya kuzika. Mikono yake haitoshi.

Wazee wa Kisukuma walilijua hilo zamani. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi, elika, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale. Walilima kwa pamoja, na mwenye shamba aliwapa chakula. Asiyetokea bila sababu alitozwa faini. Sisi wa mijini hudhani ujima ulikuwa huruma tu. La hasha! Ulikuwa sheria, kwa sababu huruma huweza kuchelewa, na mvua haimsubiri mtu.

Nakumbuka mwaka mmoja shamba la jirani yetu mjane lilipigwa likabaki mabua matupu. Siku ya tatu watu walifika alfajiri na majembe, akina mama wakiwa na marando ya viazi vichwani. Mjane akasimama mlangoni kwa aibu, akasema hana hata unga wa kuwapikia. Mzee mmoja akamjibu, "Mayu, leo tumekuja tumekula." Jioni matuta yalikuwa tayari. Kiangazi kilipofika, naye alianika michembe kama sisi.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi wa Shinyanga, majirani wa siku nyingi wakatenganishwa. Hata hivyo, desturi ya kuitana haikufa. Miaka ya 1980 ilipoingia, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji waliitana tena, likazaliwa jeshi la jadi la sungusungu.

Ndugu wasikilizaji, gunia la unga humvusha mtu mwezi mmoja. Marando na mbegu za dengu, zikifika kabla ardhi haijakauka, humvusha mwaka. Basi siku nyingine tukisikia habari ya dhoruba huko nyumbani, tusingoje kamati ikae. Tutume nauli ya mbegu juma lilelile. Majembe yapo, na wenye kuyashika bado wanajuana kwa majina.