Uhandisi kwa mkono au kwa kompyuta: yaliyofanyika Makerere

KIBUA – Kijana aliyekimbia vita akiwa katikati ya masomo ya uhandisi ataambiwa aendelee kusoma kwa simu. Mzazi wake naye atauliza: mtu anajifunzaje jenereta bila kuishika? Swali hilo halikuanzia hapa Masisi na Walikale. Majirani wa Kampala walikwisha kupambana nalo.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, wakisoma useremala, ujenzi na umekanika. Ilikuwa kazi ya mikono. Baadaye ikawa chuo kikuu, na wanafunzi wakawa wengi kuliko vifaa. Pale kumi wanapozunguka chombo kimoja, mmoja anashika, tisa wanatazama. Na hayo nayo huitwa mazoezi.

Huko Marekani, mwaka 1998, Profesa Jesús del Alamo wa MIT aliunganisha vyombo vya kupimia transista na intaneti. Mwanafunzi alituma amri akiwa chumbani kwake, vyombo vikapima, majibu yakamrudia. Haukuwa mchezo wa kompyuta: transista ilikuwepo kweli, ila mbali. Mpango huo, iLabs, ulifika Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo ya Nigeria katika miaka ya 2000.

Tatizo likawa njia yenyewe. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ilipita kwenye satelaiti, polepole na kwa bei kali. Lakini Makerere hawakubaki kuazima maabara ya Wamarekani. Walitengeneza za kwao, na hilo ndilo lililozaa matunda zaidi, kwa sababu anayefunga nyaya ili mwenzake apime kutoka mbali anajifunza mara mbili.

Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, aliyeongoza kazi hiyo, ndiye pia aliyeongoza kikundi cha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililoendeshwa Kampala Novemba 2011. Chanzo chake ni ushirikiano wa wanafunzi wa Makerere na wenzao wa vyuo vya nchi nyingine katika kubuni gari. Mchoro unaweza kusafiri kwa kompyuta. Betri na mota ilibidi zifungwe kwa mikono, pale pale Kampala. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi la abiria 35 linalosaidiwa na umeme wa jua.

Basi kwa mwanafunzi aliyehama makwao, simu inaweza kumpa hesabu na michoro, mradi apate mtandao na mahali pa kuchaji. Chombo cha kushika atakikuta kwa fundi wa redio, kwenye mashine ya kusaga, au kwenye paneli ya jua iliyoacha kufanya kazi. Linalobaki ni la wakuu wa vyuo kujibu: miezi aliyokaa na fundi huyo itahesabiwa kwenye alama zake, au ataanza upya siku atakaporudi darasani?