Viini vya barafu

Viini vya barafu ni chembe ndogo sana zinazoelea hewani na kuyawezesha maji ya mawingu kuganda. Vinaweza kuwa vumbi la udongo, mabaki ya majani yaliyooza, bakteria au kemikali. Katika Afrika ya Mashariki mfano unaojulikana zaidi unatoka Kericho na Nandi Hills, nchini Kenya, ambako viini hivyo vilipatikana chini ya michai.

Maji ya ndoo huganda karibu na nyuzi 0 za selsiasi, lakini kitone cha wingu ni jambo lingine. Kikiwa safi kinaweza kubaki kimiminika hadi karibu nyuzi -38. Ili kigande mapema zaidi kinahitaji chembe ambayo uso wake unazisaidia molekuli za maji kujipanga kama barafu. Chembe za namna hiyo ni adimu: kwenye nyuzi -20 mara nyingi hupatikana takriban kiini kimoja tu katika lita ya hewa, kati ya chembe zipatazo milioni moja. Hata hivyo kimoja hicho hutosha kuanzisha mengi. Fuwele ya barafu hukua kwa kuchukua mvuke wa vitone vilivyo jirani, huwa nzito, kisha huanguka na kuyeyuka njiani kuwa mvua. Ikizidi kugandiwa na maji ndani ya wingu lenye upepo mkali wa kupanda, huwa mvua ya mawe.

Upimaji

Njia ya zamani na rahisi ni ya kugandisha matone. Hewa huvutwa kupitia chujio, chujio huoshwa kwa maji safi, na maji hayo hugawanywa kuwa matone mengi yanayolingana juu ya sahani ya chuma. Sahani hupozwa polepole, kwa kawaida nyuzi 1 kwa dakika, huku matone yaliyoganda yakihesabiwa. Matone ya maji safi yasiyopita kwenye chujio hupimwa pembeni, kwa kuwa uchafu wa maabara yenyewe hudanganya kwa urahisi.

Idadi ya viini hupatikana kutokana na matone ambayo hayajaganda. Tuseme kila tone lina mililita 0.05 na nusu ya matone yameganda kwenye nyuzi -15. Logi asilia ya 2, yaani 0.69, ikigawanywa kwa 0.05 hutoa karibu viini 14 kwa mililita. Kama chujio kilioshwa kwa mililita 10 baada ya kupitisha lita 1,000 za hewa, hewa hiyo ilikuwa na viini 140, sawa na 0.14 kwa lita. Jibu bila halijoto halina maana, kwani chembe isiyofanya kazi kwenye -10 inaweza kufanya kazi kwenye -20.

Kuchemsha sampuli husaidia kutambua asili yake. Protini za bakteria huharibika kwa joto, lakini madini ya vumbi hustahimili zaidi.

Kericho na Nandi Hills

Ukanda huu wa chai, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hupigwa sana na mvua ya mawe. Nandi Hills imerekodiwa kupata siku 132 za mvua hiyo ndani ya mwaka mmoja. Mawe huchana majani machanga ambayo ndiyo mavuno yenyewe. Katika miaka ya 1960 yalijaribiwa maroketi ya kulipuka, na baadaye ndege zilizotoa iodidi ya fedha, kemikali ambayo Bernard Vonnegut aligundua mwaka 1946 kuwa kiini bora cha barafu.

Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Neo Tan-Schnell walichapisha matokeo kwamba majani ya chai yanayooza chini ya michai ni chanzo cha viini vya barafu. Bakteria aina ya Pseudomonas syringae hugandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya 0, na wachumaji wanaopita kati ya mistari hutimua vumbi la majani hayo. Wazo hilo linavutia, ingawa kupata viini ardhini si sawa na kuthibitisha kwamba ndivyo vilivyoleta mawe.

Uluguru na Ngerengere

Mambo ni tofauti Morogoro. Kilele cha Uluguru, Kimhandu, kina mita 2,600 hivi, wakati nyuzi 0 hewani hufikiwa karibu mita 4,500 hadi 5,000. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na kukumbatia miteremko ya mashariki yanaweza kunyesha bila barafu yoyote, vitone vikigongana na kuungana. Ndiyo maana katika majaribio ya Kongwa, mapema miaka ya 1950, mawingu yalitiwa chumvi iliyopandishwa kwa puto: chumvi hukusanya maji, haiyagandishi.

Viini vya barafu huhusika zaidi na mawingu marefu ya radi, ambayo vilele vyake hupita mpaka wa baridi. Hayo nayo hunyesha juu ya bonde la mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalolisha mji wa Morogoro. Moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi hujaza hewa ya bonde kwa chembe, lakini masizi kwa kawaida ni viini dhaifu. Vumbi la udongo wa mashamba yaliyolimwa lina nguvu zaidi.