Hukumu ya Sehemu Moja: The Enemy of the World na Mikebe ya Jos

Kwa miaka mingi wapenzi wa tamthilia ya Uingereza Doctor Who walirithishana kauli moja kuhusu hadithi ya sehemu sita iitwayo The Enemy of the World: kwamba ni maneno matupu, mwendo wa pole, kijazio kilichochomekwa katikati ya msimu wa mazimwi. Kauli hiyo ilitoka kwenye vitabu vya mwongozo, ikaingia kwenye majarida, ikawa kama elimu. Walioitamka na kuieneza, wengi wao, walikuwa wameona sehemu moja tu kati ya sita. Nataka kuonyesha jinsi hukumu hiyo ilivyojengwa, na kwa nini mikebe ya filamu iliyopatikana Jos, Nigeria, inatutaka tuibomoe hadi msingi.

Historia ya jumla inajulikana. BBC ilianza kurusha tamthilia hii Novemba 1963; mwaka 1966 Patrick Troughton alichukua nafasi ya William Hartnell kama Daktari, msafiri wa nyakati. Kanda za video zilikuwa ghali, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, basi kanda zikafutwa ili zitumike tena. Nakala za filamu za milimita 16 ziliuzwa kwa vituo vya ng'ambo, na haki za kuzionyesha zilipokwisha nyingi zikaharibiwa. Uharibifu ulikoma mwaka 1978. Hayo yameandikwa vya kutosha.

Yasiyoandikwa vya kutosha ni jinsi bahati ya kilichopona ilivyogeuzwa kuwa kipimo cha ubora. The Enemy of the World, iliyoandikwa na David Whitaker na kuongozwa na Barry Letts, ilirushwa kuanzia tarehe 23 Desemba 1967 hadi 27 Januari 1968. Kwenye hifadhi ya London ikabaki sehemu ya tatu peke yake. Ndiyo iliyotolewa kwenye kanda ya video mwaka 1991, na ndiyo iliyorudiwa kwenye diski mwaka 2004. Sasa tazama sehemu hiyo ina nini. Tuko ndani ya jumba la mtawala, jikoni na koridoni. Mfungwa mmoja, Denes, analindwa katikati ya korido badala ya chumba cha gereza, na mhusika anatoa sababu ya mpango huo ambayo watazamaji waliipokea kama dalili ya ufukara wa bajeti. Mpishi Griffin analalamikia kila kitu. Helikopta na mbio za ufukweni zilikuwa katika sehemu ya kwanza, na siri ya chini ya ardhi ilikuwa bado inakuja katika ya nne. Ni sawa na kuuhukumu utenzi mzima kwa ubeti mmoja ulionusurika na mchwa, tena ubeti wa kupumzikia.

Ninaweza kuwavumilia walioandika hivyo miaka ya 1980, kwani hawakuwa na njia rahisi ya kujua zaidi. Uvumilivu wangu unaisha kwa waliofuata, kwa sababu ushahidi mwingine ulikuwepo na haukutumiwa. Mwaka 1981 Ian Marter alichapisha hadithi hii kama riwaya. Muhimu zaidi, watazamaji wa wakati ule walikuwa wamerekodi sauti kutoka kwenye televisheni zao, na rekodi hizo zikatolewa kwa diski mwaka 2002 pamoja na masimulizi ya Frazer Hines, aliyeigiza Jamie, msafiri mwenza wa Daktari. Aliyekaa kuzisikiliza kwa makini angeyasikia mambo yote makubwa: njama, usaliti, uongo wa chini ya ardhi, na Troughton, aliyeigiza Daktari na pia adui yake Salamander, akisema kwa sauti mbili tofauti kabisa. Sauti ilitosha kutilia shaka hukumu ile. Wakosoaji walipendelea picha dhaifu waliyokuwa nayo kuliko sauti kamili, na hilo silioni kuwa ni suala la ladha tu. Ni uzembe wa kazi ya historia.

Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amepata mikebe katika chumba cha kuhifadhia vitu cha kituo cha televisheni mjini Jos. Ndani yake zilikuwamo sehemu zote tano zilizokosekana za hadithi yetu na nne za The Web of Fear iliyoifuata. Idadi ya sehemu zilizopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97 kwa mkupuo.

Simulizi la ugunduzi huo limezoea kumfuata mgeni anayepangusa vumbi kwenye mkebe na kuusoma utepe wenye jina Doctor Who. Bidii ya Morris siibezi hata kidogo. Lakini simulizi hilo linamruka mtu wa kwanza kustahili heshima: yule, au wale, walioacha mikebe ile kwenye rafu. Filamu haijihifadhi yenyewe. Kituo kinaweza kuhama, kinaweza kupata amri ya kuharibu, kinaweza tu kuhitaji nafasi. Shirika lililoitengeneza tamthilia, lenye fedha na majengo, lilishindwa kuitunza. Chumba kimoja kwenye nyanda za juu za Nigeria kikaitunza. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu za The Time Meddler na The War Machines zilipatikana tena kutoka Nigeria hiyohiyo. Kuendelea kuyaita mambo haya bahati, kana kwamba hakuna mkono wa mtu uliohusika, ni kuwanyima wahifadhi wa Afrika sifa yao.

Na hadithi yenyewe, ikitazamwa nzima, ni ya namna gani? Msimu ule ulikuwa wa Cybermen, Yeti na wapiganaji wa barafu kutoka Mars. Hii ndiyo hadithi pekee ya msimu huo isiyo na zimwi, na wengi walilihesabu hilo kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa ndiyo shabaha yake. Adui wa dunia ni mwanasiasa anayependwa. Salamander anamiliki mtambo wa setilaiti unaohifadhi mwanga wa jua na kuuelekeza mashambani, mavuno yakaongezeka, njaa ikapungua, na dunia ikamshukuru. Anayemtuhumu anaonekana ni mtu asiyeshukuru kwa shibe yake. Whitaker aliielewa nguvu hiyo: anayeshika ghala hahitaji bunduki nyingi, maana wenye njaa watamlinda wenyewe. Sidai kwamba aliwaza vita vya Biafra nchini Nigeria. Hata hivyo vita hivyo vilikuwa vimeanza Julai 1967, na katika mwaka 1968 dunia ilianza kuona picha za watoto waliodhoofishwa na njaa ndani ya eneo lililozingirwa. Kwamba hadithi ya chakula kama mamlaka ilitunzwa katika nchi iliyopitia hayo ni jambo ambalo waandishi wa tahakiki wamelipita bila kulitazama.

Tena yupo Fariah, mwonjaji wa chakula cha Salamander, aliyeigizwa na Carmen Munroe, mzaliwa wa Guyana. Mwaka 1967 ilikuwa nadra mwanamke mweusi kupewa kwenye televisheni ya Uingereza nafasi yenye hasira, akili na uamuzi. Fariah anamchukia anayemtumikia, anaziiba siri zake, na anauawa akiwa bado hajampigia mtu magoti. Yule anayekula kwanza ili mkubwa asife ndiye anayeijua serikali kwa ndani kuliko mawaziri. Katika sehemu ya tatu anaonekana, lakini uzito wake hauwezi kupimwa bila kuiona ya nne, na ya nne ndiyo iliyokuwa Jos.

Kuna wanaosema mpango wa chini ya ardhi hauaminiki: kundi la watu limefichwa miaka mitano, likiamini kwamba juu kuna vita vya nyuklia, na kwa imani hiyo linatengeneza matetemeko na volkano dhidi ya adui asiyekuwepo. Siwezi kuipa hoja hiyo muda mrefu. Karne ya ishirini imejaa watu wema walioua kwa sababu mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiwaletea habari. Swann, mmoja wa waliofichwa, anapookota kipande cha gazeti kisicho na neno lolote la vita, na kumkabili Salamander nacho, tamthilia hii ya watoto inafika mahali ambapo nyingi za watu wazima za wakati ule hazikufika.

Lawama nyingine nazipa uzito wake. Sehemu ya sita ina haraka. Wakazi wa shimoni wanaachwa mapema kuliko wanavyostahili. Pambano la mwisho kati ya Daktari na Salamander ndani ya TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria, ni fupi mno. Letts alitaka picha kadhaa za Troughton akikabiliana na nafsi yake, lakini kamera ikakwama na mpango ukapunguzwa. Na Salamander ni Mmeksiko anayeigizwa na Mwingereza aliyepakwa rangi na kukopa lafudhi. Ulikuwa mtindo wa siku zile, nao unabaki kuwa kosa, hasa katika hadithi iliyompa Munroe nafasi ya haki. Ila yasichanganywe mawili. Ukiiondoa lafudhi masikioni na ukautazama mwili, Troughton amewatenganisha watu wawili kwa mabega, kwa mwendo na kwa namna ya kumtazama anayesema naye. Vipo pia vipande ambamo Daktari anamwiga Salamander, na jicho linamgundua mwigaji kwa kusitasita kwake kudogo. Huo ni uigizaji wa ngazi tatu, na katika sehemu ya tatu peke yake haukuweza kuonekana. Majarida yaliyoiweka hadithi hii chini katika orodha zao yaliipandisha ngazi nyingi baada ya 2013, bila kuchapisha maelezo ya kwa nini yaliiweka kule mwanzoni.