Sarafu ya tembo ya Mjerumani: pima kwanza, hela utoe baadaye

Msimu wa alizeti ukiisha na hela ikianza kuzunguka Singida mjini, Kiomboi na Manyoni, ndipo na wale jamaa wa "mali ya Mjerumani" wanapoibuka. Anakuvuta pembeni, anafungua kitambaa, ndani kuna sarafu chakavu. Eti babu yake aliifukua shambani, eti kuna mzungu Dar anatoa milioni mia, ila yeye ana mgonjwa, mpe laki tano tu. Kabla hujaingizwa mjini, soma hapa.

Tusidanganyane, sarafu ya thamani kweli ipo, tena ina undugu na mkoa wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliziba njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Serikali ya kikoloni ikaamua kutengeneza zake Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, huko huko mnakopita na basi mkienda Nzega. Ndiyo hiyo rupia 15 ya tembo. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, kwani Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikaishia hapo.

Tatizo ni kwamba sarafu hiyo moja ndiyo inayouzia nyingine zote. Mtu kasikia "ya Mjerumani ni mamilioni", basi kila kipande cha shaba kinageuka utajiri. Zitambue hivi:

1. Rupia 15 ya dhahabu. Upande mmoja tembo kainua mkonga, nyuma yake milima, na mwaka 1916. Herufi ndogo T maana yake Tabora. Upande wa pili tai mwenye taji, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Ni ndogo, upana karibu milimita 22. Ukioneshwa tembo mwenye mwaka mwingine, aga uondoke.

2. Heller 20 ya Tabora, 1916. Ina taji, nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Hizo za njano zikisuguliwa zinang'aa mpaka mtu anaapa ni dhahabu. Siyo dhahabu, na zilitengenezwa nyingi sana.

3. Rupia ya fedha. Ina kichwa cha Kaisari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai. Ilitoka kuanzia 1890 hadi 1914, uzito gramu 11.66. Ile ya rupia mbili ya 1893 na 1894 ndiyo adimu, uzito wake ni mara mbili.

4. Pesa ya shaba ya 1890 hadi 1892, yenye maandishi ya Kiarabu, na heller za kuanzia 1904, zikiwemo zenye tundu katikati. Hizi zipo tele. Herufi A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Na kwa taarifa yako, hili neno "hela" unalolitaja kila siku limetoka kwenye heller hizo hizo.

SASA KUPIMA

Mizani ni rafiki yako kuliko maneno ya muuzaji. Nenda kwa sonara au kwa mnunuzi wa dhahabu, wana mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia 15 halisi ina gramu 7.17 hivi. Shaba ya njano yenye ukubwa ule ule haifiki hapo, itasoma kama gramu 4.

Akikuletea nene ili uzito utimie, tumia maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini. Halisi itasoma karibu 0.5. Shaba ya gramu 7 itasoma zaidi ya 0.8. Hapo hakuna mganga wala mjomba anayeweza kubishana na maji.

Pitisha na sumaku. Ikinasa, kwaheri. Isiponasa usishangilie, kwa sababu shaba nayo hainasi. Halafu angalia ukingo na uso kwa kioo cha kukuzia: vitundu vidogo vidogo au mstari wa kuungia ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu.

BEI JE?

Rupia ya tembo ni dhahabu asilimia 75, yaani gramu 5.4 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, ndicho kiwango cha chini. Juu ya hapo wakusanyaji huongeza kwa uadimu na hali yake, na kwenye minada ya nje hufika maelfu ya dola. Rupia ya fedha ni makumi ya dola. Heller za kawaida ni dola chache tu, kama hazijaliwa na kutu.

Ukiwa kafe, andika "Deutsch Ostafrika 15 Rupien 1916 T" ulinganishe picha. Tovuti ya Numista inaonesha uzito na upana bure. Ila angalia bei zilizouzwa, siyo zinazoombwa. Kuomba hata mimi naweza kuomba bilioni.

Mambo ya kukimbia: anayekataa mizani, anayedai sarafu ina zebaki ndani, anayetaka "hela ya kipimo" kwanza, na anayekuharakisha. Kama mzungu wa milioni mia yupo kweli, kwa nini akuuzie wewe kwa laki tano?

Na wewe uliyeikuta kwenye sanduku la bibi: usiisugue kwa mchanga, limau wala steelwire. Ukiing'arisha umeikata bei mwenyewe. Pia usikimbilie kuchimba maboma ya zamani kama Kilimatinde. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale.

Hadithi ya babu ni tamu, lakini mizani haiisomi. Naomba kuwasilisha.