Klachi na Matrekta ya Kongwa

Mwenye kalamu na aishike. Somo la leo ni la historia, lakini tutaanza na kitu kilichofichwa ndani ya gari: klachi.

Klachi ni nini? Injini ikiwashwa huzunguka wakati wote, hata gari likiwa limesimama. Haiwezi kuunganishwa na magurudumu kwa ghafula. Ingezimika, au gari lingeruka. Kwa hiyo kati ya injini na gia imewekwa sahani yenye bitana ngumu. Usipokanyaga pedali, springi huibana sahani hiyo juu ya gurudumu zito la injini, vyote vikazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, huachana. Ukiachia polepole, husuguana kidogo, kisha hushikana. Likumbukeni neno hilo: kusuguana. Klachi iliyoshikana barabara hailiki, na iliyoachana barabara hailiki. Huliwa pale katikati.

Sasa twendeni Kongwa, mashariki ya Dodoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ulitengenezwa mpango wa kulima karanga eka 3,210,000, nyingi zikiwa katika Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, katika nchi ya Wagogo. Wakubwa wa mpango waliona pori tupu, wakadhani linawangoja wao. Wagogo walijua kwa nini lilikuwa tupu: maji ni haba, mvua ni ya msimu mmoja nayo haiaminiki, na udongo ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Wakati ule matrekta mapya yalikuwa adimu duniani. Basi yakanunuliwa makuukuu, mengine yakiwa yameachwa na jeshi kule Ufilipino baada ya vita. Yalipofika Kongwa yalitakiwa kung'oa miti na visiki, hata mibuyu, katika udongo wenye mchanga mkali uliokula majembe ya plau. Madereva wengi walikuwa hawajapata kuendesha mashine maishani mwao. Walifundishwa kwa haraka. Mafundi walikuwa wachache, na vipuri vilikuwa mbali. Kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Shabaha ya mwaka ule ilikuwa eka 150,000. Zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Baadaye vililetwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Navyo havikuuokoa mpango. Januari 1951 ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea.

Je, ni nani aliyeharibu mashine zile? Ni rahisi kusema, "Ni madereva." Hiyo ni nusu ya kweli. Mtu aliyefundishwa kwa haraka, akapewa mashine iliyochoka, akaamriwa kung'oa mti usiong'oka, lazima ataivunja. Lakini yule aliyetoa amri naye alikuwa na mkono wake katika kazi ile.

Ndugu msomaji, sababu zile za Kongwa ndizo zinazoua klachi kabla ya wakati wake. Zitazameni moja moja.

Ya kwanza ni mzigo. Lori linalotoka soko la Kibaigwa na mahindi kupita kiasi hulazimisha klachi kusuguana muda mrefu kila linapoondoka. Hapo mwenye mali asimlaumu dereva peke yake.

Ya pili ni ardhi. Makorongo yetu ya Ugogo hukauka, yakabaki mchanga mtupu. Gari likizama, dereva asiyejua hukanyaga mafuta huku akichezesha klachi. Kwa dakika chache anaweza kuunguza bitana ambayo ingemtumikia miaka. Afadhali ashuke, apunguze mzigo, afukue mchanga, atandike matawi mbele ya magurudumu.

Ya tatu ni mazoea. Usipumzishe mguu juu ya pedali ukiwa safarini. Usilizuie gari mlimani kwa nusu klachi. Breki ya mkono iko kwa kazi hiyo. Ondoka kwa gia ya kwanza, si ya pili.

Ya nne ni matengenezo. Katika magari mengi, hasa ya zamani, pedali huachiwa nafasi ndogo ya kucheza kabla ya kuanza kukaza. Ikiwa nafasi hiyo imekwisha, klachi haishiki barabara. Kadhalika, oili ya injini ikivuja juu ya sahani, sahani huteleza. Fundi azuie kwanza uvujaji, ndipo aweke sahani mpya.

Na dalili? Injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, au unasikia harufu ya kuungua, au gari linashika pale tu pedali inapokaribia kurudi juu kabisa. Ukiona hivyo, nenda kwa fundi mapema.

Wengi hununua sahani mpya, kisha baada ya miezi michache hununua nyingine, wakamtukana fundi na muuza vipuri. Hawa wanafanya kama waliopeleka vifaru Kongwa: wamebadili chuma, hawakubadili kazi wala mwendo. Kitu kikifa kabla ya wakati wake, tusiulize tu ni nani aliyekishika mwisho. Tuulize kilipewa kazi gani, mahali gani, na aliyekishika alifundishwa na nani.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Klachi huliwa wakati gani?
2. Wagogo walijua nini juu ya Kongwa ambacho wakubwa wa mpango hawakukizingatia?
3. Katika kijiji chenu, ni chombo gani kilichoharibika mapema, na ni kwa sababu ipi kati ya zile nne?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.